Aliyeitikia King'ora

Nyinyi mnaovaa makoti meupe siku hizi, toeni hizo nyaya masikioni mnisikilize kidogo. Mkuu wa maabara ameniomba niwaandikie machache kuhusu moto na usalama, kwa kuwa nilikuwa fundi sanifu katika jengo lenu tangu rangi yake haijakauka hadi siku niliyokabidhi funguo. Nadhani alitaka niwaeleze aina za mitungi ya kuzimia moto na kazi ya kila mmoja. Hayo yako ukutani nje ya stoo ya kemikali, niliyabandika mimi mwenyewe, na kama hamjayasoma pale basi hata hapa mtayaruka. Nitawasimulia yale ambayo hayakubandikwa.

Jengo mnalijua. La ghorofa moja, juu ya kilima, mpakani mwa Karagwe na Kyerwa. Mbele ni barabara ya changarawe, nyuma ni vibanja vya watu, migomba na mibuni imekuja mpaka karibu na ukuta. Chuo kilijenga hapo makusudi, kwa ajili ya kuchunguza mnyauko wa migomba na magonjwa ya kahawa. Tulikuwa tukitania kwamba hospitali imejengwa wodini. Ukifungua dirisha la maabara ya juu ulikuwa unamsikia mtu akimgombeza mbuzi wake. Kwa hiyo majirani tulikuwa nao tangu siku ya kwanza, na habari hii ni ya jirani mmoja.

Lakini kwanza Mzee Kagaruki, maana bila yeye nisingejua kitu. Ndiye aliyekuwa fundi mkuu, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri asiyekosa ibada, mtu mkali kwa maneno machache. Siku yangu ya kwanza alimimina spiriti kidogo kwenye kibakuli cha kauri, akaiwasha, akakisogeza dirishani penye jua.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee."

"Peleka kidole."

Nikapeleka. Kidole kilirudi haraka kuliko kilivyokwenda.

"Sasa umeona," akasema, akaendelea na kazi yake.

Ndiyo sababu waliokuja nyuma yangu waliniita Mama Spiriti. Niliwafundisha somo hilohilo, ila mimi nilitumia kipande cha karatasi badala ya kidole, kwa kuwa zama zimebadilika na wazazi wenu wana simu. Moto wa spiriti juani hauonekani. Taa ya spiriti haizimwi kwa kupuliza, inafunikwa kofia yake. Na haijazwi ikiwa inawaka, wala ikiwa bado ya moto, wala ukiwa unadhani tu kwamba imezimika. Kudhani ndiko kunakochoma majengo. Mlango wenye moshi nyuma yake uguse kwa mgongo wa mkono, maana kiganja kikiungua hutashika tena kitasa. Mtungi unauelekeza kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Moshi ukijaa, tembea umeinama, hewa nzuri iko chini. Haya yote nilitolewa jasho na Mzee Kagaruki, na yote ni kweli, na siku yake ilipofika hayakutosha.

King'ora chetu kilililia senene kabla ya kulilia moto. Msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa Novemba, msimu wenyewe wa senene, wale panzi wa kijani tunaowala huku. Mwanafunzi mmoja, Koku, msichana wa Muleba, mwenye akili lakini mroho, alikuja na mfuko wa senene aliowanyonyoa tangu asubuhi. Mchana wenzake walipokwenda kula yeye akapanda maabara ya juu, akawasha jiko la umeme la kuchemshia sampuli, akawakaanga na chumvi na kitunguu. Chombo alichotumia jana yake kilikuwa na mrututu, ile sumu ya bluu ya kupulizia kahawa. Mafuta yakaungua, moshi ukapanda darini, king'ora kikaanza kulia. Kilikuwa hakijawahi kulia, kwa hiyo sisi wafanyakazi tulisimama tunatazamana, kila mmoja anamuuliza mwenzake kile ni nini.

Wenzetu wa bondeni hawakuuliza. Kabla hatujafika ngazini tulisikia miguu inapanda. Wanaume na mapanga, wanawake na ndoo za maji, vijana wamebeba vipande vya mgomba vibichi, maana huku moto wa nyikani tunaupiga kwa mgomba. Mbele yao alikuwa Ta Leonsi, Ta huku ni neno la heshima kwa mzee, ambaye kibanja chake ndicho kinachopakana na ukuta wetu wa nyuma. Mzee mrefu, mkulima wa kahawa, peku, tope mpaka magotini, mgomba begani. Alikuwa anahema.

"Nani anakufa?" akauliza.

Mzee Kagaruki akachungulia kwenye chombo. "Senene, Ta."

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Mzee Kagaruki aliwamwaga wale senene wote kwa sababu ya mrututu, na naapa nilimwona anameza mate.

Wale mliotoka mikoa mingine niwaeleze. Huku kuna enduru. Ni yowe la msaada: mtu akiingiliwa na mwizi, nyumba ikiwaka, mtoto akitumbukia kisimani, anapiga enduru, na kila anayesikia anatupa jembe na kukimbilia sauti ilipo. Huulizi kwanza, utaulizia hukohuko. Asiyekwenda atatafutwa kesho aeleze alikuwa wapi, na zamani alitozwa mtungi wa rubisi, pombe ya ndizi, pamoja na aibu, na aibu ndiyo ilikuwa nzito. Mimi nimekulia katika sheria hiyo. Nimekimbia nikiwa na unga mikononi. Ajabu yake ni kwamba nilipovaa koti jeupe sikuwahi kuwaza kwamba king'ora kile, kwa mtu aliyeinama kwenye mibuni yake, ni enduru tu yenye sauti kubwa zaidi.

Ta Leonsi hakucheka sana siku ile. Wakati wenzake wanateremka alibaki na Mzee Kagaruki pale ngazini.

"Ta, kile kinaitwa king'ora," Mzee Kagaruki akamwambia. "Kikilia, watu wanatoka."

"Wanatoka wanaenda wapi?"

"Nje."

"Na anayebaki?"

"Habaki mtu."

Ta Leonsi akafikiri. "Sasa kama habaki mtu, kinamlilia nani?"

Mzee Kagaruki akarudi ndani. Baadaye, tunaosha vyombo, aliniambia, "Yule ameuliza swali." Nikaitikia tu, "Ndiyo, mzee," nikaendelea kusugua. Mwaka uliofuata alistaafu, na swali likabaki pale ngazini.

Baada ya senene chuo kilituletea afisa usalama kutoka makao makuu. Bwana Faki, mtu wa Tanga, Kiswahili chake ungetamani ukile. Alitukusanya akatufundisha vizuri, sina la kumlaumu. King'ora kikilia acha ulichoshika, usirudi kuchukua simu, usitafute kiatu, toka kwa mlango ulio karibu, zunguka hadi mbele kwenye ubao wa kijani, mhesabiane. Alirudia mpaka tukaimba. Kisha akafanya majaribio.

Sisi tulitoka kama tulivyofundwa. Majirani nao waliingia kama walivyofundwa na baba zao. Tulikutana koridoni, sisi tunashuka, wao wanapanda na ndoo. Mama mmoja mnene alimkamata mhadhiri wetu wa bayolojia kiunoni akamburuta hadi nje, na kadiri yule mhadhiri alivyopiga kelele kwamba yuko salama ndivyo mama alivyozidi kuamini kwamba amechanganyikiwa kwa moshi. Bwana Faki alisimama na saa yake mkononi, jasho linamtoka.

Hakuwa mtu mbaya, lakini siku ile alisema vibaya. Aliwasimamisha uani akawaambia, "Jamani, haya si yenu. Hili ni jengo la chuo, lina watu wake na utaratibu wake. Mkisikia king'ora, kaeni hukohuko mliko."

Ta Leonsi ndiye aliyejibu.

"Tukae?"

"Mkae, mzee wangu. Mkija mtaumia."

Ta Leonsi akauokota mgomba wake. "Bwana mkubwa, kwetu anayelia haachwi," akasema, akashuka zake.

Tuliandikiwa kwamba uwekwe uzio wa seng'enge upande wa nyuma, ukawekwa. Sisi tulioelewa lugha zote mbili, mimi nikiwemo, tulipaswa kushuka vibanjani tukae na wale watu, tuwaeleze kwa Kinyambo, lugha ya huku, na kikombe cha uji mkononi kwamba sauti hii ina maana nyingine. Hatukwenda. Tulisema seng'enge imewekwa, yamekwisha. Wengi waliona wametukanwa, na king'ora kikilia waliendelea kupalilia. Kwa baadhi yao hata salamu zilipungua.

Ta Leonsi hakupunguza kitu. Kila tulipojaribu king'ora, na tulikijaribu mwezi hata mwezi, alitokea kwenye uzio na kipande cha mgomba, ananyoosha shingo. Mimi nilikuwa nampungia mkono kutoka dirishani.

"Majaribio, Ta!"

"Haya."

King'ora kikinyamaza anarudi. Vijana walimtania, wakamwita zimamoto wa kujitolea. Nami nilitabasamu nao. Yule mzee alikuwa anaacha kazi yake kila mwezi kuja kutazama kama tuko hai, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona vema kumwambia mapema kwamba leo asihangaike. Nikilikumbuka hilo naona haya hadi leo, na ninyi mniache nione haya.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, asubuhi ya jua kali. Mwanafunzi mmoja pale juu, kando ya dirisha, alijaza taa ya spiriti aliyodhani imezimika. Mnakumbuka neno lile, kudhani. Moto ukarukia chupa, chupa ikamponyoka, spiriti ikatambaa sakafuni mpaka chini ya kabati la asetoni. Nilifika na mtungi nikaona kwamba hapa hapana kazi ya mtungi tena. Tukabonyeza king'ora, tukatoka.

Tulitoka vizuri mno. Wengine kwa ngazi ya mbele, wengine kwa mlango wa nyuma wakazunguka. Hakuna aliyerudia simu. Tukafika kwenye ubao wa kijani, tukahesabiana: walimu, wanafunzi, mfagizi, hata mgeni mmoja wa Kyerwa aliyekuja kuleta majani ya kahawa yenye kutu. Tumetimia. Mmoja wetu alisema, "Mungu mkubwa," na mimi, kusema kweli, nilivimba kifua. Nilimwaza Mzee Kagaruki, nikaona angefurahi.

King'ora kiliendelea. Kisanduku cha kukizimia kilikuwa ndani, chini ya ngazi, na chini ya ngazi moshi ulishajaa. Nani angekwenda kukinyamazisha, na kwa nini? Tulikiacha kilie. Zimamoto walikuwa wameshapigiwa, na mnajua kutoka mjini hadi hapa ni mwendo.

King'ora kile sauti yake hupanda na kushuka. Iliposhuka tukasikia mtu, kutoka juu, ndani. Alikuwa haombi msaada.

"Mko wapi?" anaita. "Semeni mlipo!"

Alikuwa anatutafuta sisi, tuliosimama juani, tumehesabiwa.

Nilizunguka nyuma mbio, mimi na mlinzi na wanafunzi wawili. Seng'enge ilikuwa imelazwa chini kwa kipande cha mgomba. Amepita juu yake. Mlango wa nyuma uko wazi, kwa kuwa wetu ndio waliouacha wazi wakati wa kutoka, na moshi unatoka humo. Nilipiga kelele, "Ta Leonsi, tumetoka! Hakuna mtu humo! Rudi!" Nimepiga kelele mpaka koo likatoa ladha ya damu. King'ora kinapanda, kinaifunika sauti yangu. Kikishuka namsikia yeye, anafungua mlango mwingine, anaita tena. Nilitaka kuingia, mlinzi akanishika koti. Wale vijana wawili walilowesha mashati kwenye pipa la maji ya mvua, wakajifunga puani, wakaingia wakitambaa, wakamkuta juu, mbele ya chumba cha hadubini, ameangukia mlango. Alikuwa bado hajaufungua ule mmoja.

Hakuungua hata unywele. Moto hauwahi kuua watu wengi wa ndani, moshi ndio huua, na moto huja kukuta kazi imekwisha. Gari la chuo lilimpeleka hospitali. Nilikaa naye jioni ile. Sauti ilikuwa imekwisha, ananong'ona.

"Mmetoka wote?"

"Wote, Ta."

"Basi."

Akafumba macho kwa raha. Sikumwambia zaidi. Juma halikuisha, akafariki.

Tulikwenda kuzika, chuo kizima. Nyumbani kwake walikuwa wametandika nyasi, tukaketi. Mjane wake, Ma Adelina, aliwapokea wote, akapokea na pole za Bwana Faki, ambaye alisafiri kuja na alilia kuliko watu wa nyumbani. Watu walipopungua akaniita karibu. Alikuwa akinijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimpungia mume wake mkono.

"Mwanangu," akasema, "alimtoa nani?"

Sikuelewa mara moja.

"Amekwenda kumtoa mtu. Nataka nimjue. Awe anapita hapa nimwone anavyokua."

Nyuma yangu walikaa wanafunzi, wamemsikia. Yeyote kati yao angekubali kutajwa kuwa ndiye aliyeokolewa. Ingekuwa rahisi, na Ma Adelina angepata mtoto wa kumtazama. Lakini Ta Leonsi hakuwahi kutudanganya kwa lolote, na mke wake alikuwa ananitazama usoni.

"Hakumtoa mtu, Ma," nikamwambia. "Tulikuwa tumeshatoka sote. Tulikuwa mbele, tunahesabiana."

Alichezea unyasi mmoja kwa vidole.

"Kama mlikuwa mmetoka wote," akasema, "mbona kiliendelea kulia?"

Enduru hunyamaza mtu akiokolewa. Ikiendelea, maana yake bado yuko. Ta Leonsi alipanda zile ngazi moshi unamkaba kwa sababu sisi, tuliokuwa salama, tulikuwa bado tunalia.

Tumerekebisha mengi, mmeyakuta. Kisanduku cha kuzimia king'ora sasa kiko nje karibu na geti. Asetoni ina chumba chake. Seng'enge imetolewa, na badala yake kuna uzio wa michongoma wenye kijilango cha kwenda vibanjani. Ukutani, chini kabisa ya maelekezo, kuna mstari ambao wageni huuona wa ajabu: mkishatimia, mmoja ashuke vibanjani aseme kwamba mmetimia. Huo ni wangu. Mkitimia kwenye ubao wa kijani bado hamjatimia, maana kuna watu walioitika ambao majina yao hamnayo.

Na kuna moja ambalo halikuandikwa popote. Ma Adelina bado yupo kwenye kile kibanja. Mwezi mmoja baada ya msiba tulijaribu king'ora, nikachungulia dirishani kwa mazoea, mkono umeshainuka kupunga. Nilimwona yeye. Amesimamisha jembe, ameelekea jengo, hatikisiki mpaka kiliponyamaza. Mwezi uliofuata vivyo hivyo. Tangu hapo, kabla ya majaribio, nimekuwa nikishuka kumwambia, na nimeendelea hata baada ya kustaafu. Sasa magoti yangu na ule mteremko havipatani tena. Hiyo ndiyo kazi ninayowaachia, makoti meupe, na msimtume mlinzi. Piga hodi, ingia, msalimu, akikupa ndizi kaa ule.

Siku ya kwanza nilipokwenda nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, ikanipotea mlangoni.

"Shikamoo, Ma."

"Marahaba."

"Leo kitalia. Ni majaribio tu. Hakuna mtu ndani."

Alinitazama, jembe begani.

"Kumbe ni maneno machache hivyo," akasema, akarudi kwenye palizi yake.